Nilitia mafuta ya bangi kwenye chupa ya upako ya Mama

Ilianza Jumatano, saa kumi jioni, na aliyeanzisha ni mimi. Si shetani, si jirani. Mimi! Niko kidato cha tatu, tunakaa Gatwekera, mtaa wa mabanda, na haya nayaandika kwa sababu kuyasema kwa mdomo huwa siwezi.

Ndugu yangu mdogo, nitamwita Tito, ana miaka minne na ana kifafa. Kuna siku anaanguka mara mbili, kuna siku tunaacha kuhesabu. Ashawahi kuanguka na uji mdomoni. Meno ya mbele aliyaacha kwa simiti ya mlangoni. Dawa ya hospitali anakunywa asubuhi na jioni. Inapunguza, lakini haimalizi.

Nilikuwa nimeona video kwa simu ya Mama. Mtoto wa nchi za nje anatetemeka, anawekewa tone la mafuta yaliyotolewa kwa bangi, anatulia. Nililia! Nikairudia mpaka bando ikaisha. Huko mzazi anaandikiwa na daktari. Huku kwetu ukishikwa nayo unaenda ndani. Sasa ningeuliza nani?

Nikauliza mtu mbaya. Rafiki yangu wa darasani ana kaka anayeuza kava za simu Kawangware, na watu wanajua hauzi kava peke yake. Hiyo Jumatano nikatoka shule nikaenda.

"Niaje, siz. Mbona unaangalia chini, umeangusha shilingi?" Wenzake wakacheka.

"Nataka yale mafuta. Ya mtoto mgonjwa."

Kicheko kikaisha. Akanipa kichupa hakina hata karatasi ya jina. "Hii ndiyo yenyewe. Matone mawili asubuhi. Na jina langu usilitaje mahali."

Mama ni mtu wa maombi. Kila asubuhi kabla aende kufulia watu nguo, anamwombea Tito, anampaka upako kwenye paji la uso, halafu anamtia tone chini ya ulimi. Ni mafuta ya mzeituni, pasta ameyaombea. Nikajiambia: humo! Nikayamwaga humo yale ya kichupa, nikatikisa. Sikutaka kumdanganya Mama, jamani. Nilitaka tu nisiulizwe.

Na Tito akatulia! Alhamisi hakuanguka. Ijumaa, hakuna. Jumamosi alicheza nje na wenzake mpaka akaitwa kula. Hadi leo sijui kama ni yale mafuta au ni bahati.

Jumapili Mama akasimama kutoa ushuhuda. Alikuwa amebeba chupa ya dawa ya hospitali, akaiinua juu.

"Bwana asifiwe! Upako umemponya mtoto wangu! Hii sihitaji tena!"

Kanisa lote likapiga vigelegele. Akatoka nayo nje, akaimwaga kwa mtaro, watu wakiangalia. Mimi nilikuwa na kwaya, naimba. Naimba! Neno moja tu lingetosha, na likakataa kutoka. Nikasema nitamwambia jioni. Jioni nikasema kesho.

Jumanne mchana nikaitwa kutoka darasani. Nilipofika nyumbani, Tito alikuwa sakafuni, anatetemeka na haachi, midomo imekuwa rangi ya jivu. Mama amepiga magoti, anampaka upako, analia.

"Mama Tito, huyu mtoto anakufa! Twende hosi!" Huyo ni jirani yetu, Mama Akinyi.

"Nimeshuhudia kanisani. Nikimrudisha huko, si nimemwita Mungu mwongo?"

"Na ukimzika utamwita nani? Nipe mtoto!" Akamnyakua, akamfunga kwa leso, tukatoka mbio.

Hospitalini daktari akauliza dawa iliachwa lini. Mama akasema Jumapili. Akauliza kama amepewa kitu kingine.

"Upako tu," Mama akasema.

Daktari akaniangalia. Nikaangalia viatu vyangu. Niliogopa karao wanishike, nikaogopa Mama, nikaogopa pasta. Ndugu yangu amelala na sindano mkononi, na mimi nikanyamaza tena! Mama akabaki naye, nikarudi nyumbani na Mama Akinyi.

Asubuhi iliyofuata nikachukua ile chupa ya upako, nikarudi hospitalini, nikaiweka mkononi mwa daktari. Nikasema yote, Mama akiwa hapo. Safari hii maneno yalitoka.

Nilingoja aite polisi. Hakuita.

"Kuna nchi ambapo watoto wanaandikiwa mafuta ya aina hiyo, kwa kipimo," akasema. "Hapa sheria hainiruhusu. Lakini kuuliza hakujakatazwa, ungeniuliza. Haya yako hata mimi sijui ndani kuna nini. Na dawa yake kukatwa ghafla vile ndiko kulikomfikisha hapa."

Mama hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angenipiga. Aliniuliza tu, polepole, "Kwa hivyo zile siku tatu, hakuwa Mungu?"

Akaniambia nikae nje.

Sasa naandika nikiwa kwa benchi ya wodi. Tito hajafungua macho. Daktari amesema tungoje.

Wewe uliye na mtoto kama Tito, na umeona video kama mimi, na unaogopa kuuliza: uliza! Uliza ukilia, uliza ukiangalia viatu vyako. Na dawa ya hospitali isimwagwe, hata kanisa lote likipiga vigelegele. Mimi nilinyamaza nisionekane mbaya. Sasa nimekaa hapa nasikiliza kama kuna mtu ataniita kutoka ndani, na hakuna anayeita.