Mahali pa Kumpeleka Mkwe na Ubao Wake wa Tanga

Binti yangu alipiga simu nikiwa nasonga kalo, ugali wetu wa wimbi, na mtu akisonga kalo hawezi kuiacha, itashika madonge. Nikabonyeza simu kwa kiwiko, nikaiweka juu ya kinu, nikamwambia, sema, masikio yangu hayasongi kitu.

"Mama, tunakuja. Wiki mbili. Huku ni likizo ya majira ya joto."

Nilicheka. Hawa watu wa Ulaya joto wanaletewa mara moja kwa mwaka kama mgeni, na likifika tu wanafunga ofisi, wanapanda ndege, wanalikimbia. Sisi joto tunalala nalo, tunaamka nalo, na hakuna aliyewahi kutufungia duka kwa sababu yake.

"Lakini mama, mume wangu anataka kuja na ubao wake. Ule wa tanga. Huko ziwani kuna upepo?"

"Upepo unakosekana wapi?"

"Si upepo wa kuanikia nguo, mama. Upepo wa kusukuma mtu. Kama hakuna, yeye anaona bora twende pwani, halafu tukupitie siku moja wakati wa kurudi."

Siku moja! Mara ya mwisho alikuja kumzika baba yake, na siku za msiba si siku za kuonana na mtoto. Unapika, unalia, unapokea watu, unageuka, mtoto amekwisha kwenda. Sasa aje siku moja, anywe chai, aangalie saa? Nikamwambia, "Mwambie asinunue tiketi ya pwani. Mahali nitatafuta mimi."

Nilisema hivyo na ule ubao sijawahi kuuona. Alinitumia picha baadaye, nikadhani ni mlango umeng'olewa ukatupwa majini, mtu akasimama juu yake ameshika shuka kubwa asijue aende nalo wapi. Binti akanieleza kwamba upepo ukishika lile shuka, ubao unakimbia, na mtu anakaza mikono mpaka apate raha. Mimi nimekaza mikono maisha yangu yote kwenye jembe, raha hiyo sijaiona, lakini kila mtu na starehe yake. Marehemu mume wangu alikuwa anapenda kukaa njia panda ya hapa Busia kuhesabu malori yanayokwenda Tororo. Hakununua, hakuuza. Anahesabu tu, jioni anarudi amefurahi.

Sasa nifike kwenye taabu yenyewe. Mimi nimezaliwa Mella kwa Wateso, nikaolewa huku Busia kwa Wasamia, na pande zote mbili jambo hili ni moja: mama mkwe na mume wa binti yake hawaangaliani. Hamshikani mikono, hamli meza moja, mkikutana njiani mmoja anaingia majanini. Na kumwona mkwe hana nguo za kutosha, hilo usiseme. Hilo ni la kuchinja kitu na kuita wazee. Vijana wa leo wanapunguza, najua. Kuna mama mkwe mmoja hapa mjini anapakiwa nyuma ya bodaboda na mkwe wake, amemshika kiuno, na jua halijaanguka. Lakini mimi siwezi. Huyu wangu, mzungu, alipoleta mahari nilikaa jikoni nikaona viatu vyake tu chini ya pazia, viatu vikubwa, vya kahawia, vimepigwa rangi vizuri. Uso wake naujua kwenye picha ya harusi.

Na pale kwenye picha ya ubao alikuwa na kaptula. Fupi, imebana, imelowa. Niliiona kabla sijajizuia, nikageuza simu chini upesi kama nimeunguzwa.

Kwa hiyo mniulize nilikuwa natafuta nini ziwani. Watu wengine wangetafuta upepo. Mimi nilitafuta upepo na pa kujificha.

Nilikwenda na rafiki yangu, mjane mwenzangu, anayenunua mukene, dagaa wa ziwani, kwenye mialo ya wavuvi na kuwauza sokoni. Mialo yote ya huko anaijua, na mdomo anao. Akanipeleka kwanza Majanji. Mahali pazuri, siwezi kudanganya. Mchanga mweupe, maji wazi, unaona mpaka yanapokutana na mbingu. Upepo wa mchana ulitaka kuninyang'anya kitambaa cha kichwa.

"Hapa hapa," rafiki akasema. "Mkwe wako akianguka, watu wote wanamwona. Akiinuka, watu wote wanamwona."

"Na mimi je?"

"Na wewe unamwona."

"Ndiyo maana hapafai."

Akanitazama kama mtu aliyeuziwa samaki wa juzi. "Kwani lazima uje? Kaa nyumbani!"

Lakini ningekaaje nyumbani? Wiki mbili, mkwe ziwani kila siku, na binti yangu huko ufukweni akimngoja, mimi Busia peke yangu nafukuza kuku! Nilitaka kukaa na mtoto wangu. Yeye amngoje mumewe, mimi nikae naye tuongee, tumenye njugu. Ndiyo hesabu yangu ilivyokuwa.

Tukaenda mbele, mwalo mdogo, sitautaja jina kwa sababu watu wake hawakufanya kosa. Hapo kuna kibanda cha mabati cha kuwekea mukene, na nyuma ya kibanda kuna kivuli na gogo la kukalia. Ukikaa pale huoni maji hata kidogo. Upande mmoja mabati, upande wa pili mafunjo yameota marefu yakaingia ziwani kama ukuta. Nikakaa kwenye gogo. Nikapaona pametengenezwa kwa ajili ya mama mkwe.

"Hapa ndipo," nikasema.

"Wewe," rafiki akasema, "unachagua maji au unachagua ukuta?"

Nilikuwa nimekwisha kuchagua.

Wakaja. Binti amenenepa kidogo, nikafurahi, nikampiga mgongo kama ngoma. Mkwe akanisalimia kutoka nje ya mlango, mimi nikaitikia kutoka ndani, Kiswahili chake cha kuokoteza lakini chenye heshima. "Shikamoo mama." Hata binti yangu aliisahau shikamoo, akaniambia "hi mama" kama wale wa upande wa Kenya. Ule ubao nao ulikuja umekunjwa ndani ya mfuko, si mti kumbe, ni wa kujaza pumzi kwa pampu. Moyoni nikasema mtu huyu anakwenda kusimama juu ya puto.

Siku mbili za kwanza zilikwenda kama nilivyopanga. Mkwe anavaa jaketi la kuelea, anaingia majini, mimi na binti tuko kwenye gogo letu. Tulimenya njugu. Akanieleza mambo ya ndani ya ndoa yake, mengine si ya kuandika. Akanieleza kwamba huko kwao jirani hukupigia simu kwanza ndipo abishe hodi, na kwamba mwaka wa kwanza alikuwa anaongea na redio. Nilimshika mkono. Mambo kama haya huwezi kuyasikia kwa siku moja ya kupitia.

Siku ya tatu upepo ukawa mkali. Mabati yalikuwa yanapiga kelele mpaka tunasemezana kwa sauti ya juu. Mimi nikafurahi, nikasema leo mkwe anakula alichokifuata. Binti akaenda ukingoni mara moja kumwangalia. Akarudi. Akaenda tena. Mara ya pili alirudi mbio.

"Mama, simwoni."

"Yuko nyuma ya mafunjo."

"Nyuma ya mafunjo kuna nini?"

Sikujua nyuma ya mafunjo kuna nini. Mahali nilipachagua kwa kuwa hapaonekani, na sasa hapaonekani. Binti yangu alikuwa amesimama na vidole mdomoni kama alivyokuwa anafanya utotoni, na mimi nikawaza, nimemwitia mtoto wangu ujane nyumbani kwetu, kwa ajili ya aibu yangu. Mungu, mimi nitamwona hata uchi, mradi nimwone.

Mwenye mtumbwi wa mashine akatoka kwenye kibanda. Akatazama mafunjo yalivyolala. Akasema upepo huu unasukuma kwenda ng'ambo, Kenya, na akaanza kuwapigia simu wavuvi wa huko, mmoja mmoja. Mmoja hakushika. Mwingine hakuona kitu. Wa tatu akaongea sana, na mwenye mtumbwi akaanza kutabasamu huku anasikiliza.

"Yuko. Amefika mzima. Wanasema ni mzungu amesimama juu ya godoro lenye pazia."

Binti akakaa chini mchangani palepale, akacheka na kulia pamoja. Mimi nikashika mabati, yakanichoma kwa jua, wala sikuyaachia.

"Lakini mwenyekiti wa ufuo amemzuia," mwenye mtumbwi akaendelea. "Hana karatasi, hana viatu, hana simu. Wanataka mtu wake aje amsemee."

Tukapanda mtumbwi. Karatasi za binti zilikuwa nyumbani, hakuna aliyekumbuka. Njiani maji yakatulowesha, na mimi nimeshika ubao wa kukalia nasali kwa Kiteso, maana nikiogopa lugha nyingine zote zinanikimbia.

Tulipokaribia, nikaona kundi la watu mchangani, na katikati kitu cheupe kirefu. Kina kaptula ile ile. Nikageuka haraka, nikatazama tulikotoka. Mtumbwi ukafika ufukweni, mimi nimeupa ufuo mgongo.

Mwenyekiti sauti yake ilikuwa ya mtu mpole asiyetaka mchezo. "Karibuni. Huyu ni nani wenu?"

"Ni mume wangu," binti akasema.

"Na wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa hapa, Busia. Upande wa Uganda."

"Kiswahili chako si cha hapa, dada. Hiki ni cha ndege." Watu wakacheka. "Usinikasirikie. Kila wiki mtu anashuka hapa na hadithi yake. Leo ni mzungu na puto, kesho ni nini? Nani mwingine anamjua?"

"Mama yangu, huyu hapa."

"Kukhu," mwenyekiti akaniita, bibi kwa Kisamia, "shuka basi utuambie. Huyu ndiye?"

Sikushuka. "Ndiye," nikasema, nikiwa nimetazama ziwa.

"Ndiye vipi na hujamwangalia?"

"Siwezi kumwangalia."

"Unamwogopa?"

"Simwogopi. Mpeni nguo kwanza."

Kisha mwanamke mmoja kati ya wale waliokuwa wanaanika omena, yaani mukene wetu yule yule, akivuka tu anabadilishwa jina, akapiga kelele: "Woi! Ni mama mkwe!" Na wote wakapasuka. Nikasikia mabeseni yanatupwa chini. "Mfunikeni mtu, jamani! Mnataka kumuua mama wa watu? Lete leso! Mbili, huyu ni mrefu!"

"Mwenyekiti na wewe umemsimamisha kaptula wazi mbele ya mkwewe! Nani atakuoza binti yake?"

"Mimi ningejuaje?" mwenyekiti akasema, na sasa hata yeye alikuwa anacheka.

"Ungejua kwa shingo ya kukhu! Nani anaweza kuigiza shingo kama ile?"

Basi kesi ikaisha hapo. Hakuna aliyeuliza karatasi tena. Mwenyekiti akasema kwa sauti kubwa kwamba mtu anaweza kughushi kitambulisho, na mke naye anaweza kukodishwa, lakini bibi wa kukaa mtumbwini amewapa watu mgongo namna hii haghushiki. Wakamfunga mkwe leso mbili, moja ya kuku na moja ya maua, wakamleta mtumbwini nyuma yangu, wakaweka ule ubao katikati yetu umesimama. Yule mwanamke wa omena akanitupia mapajani mfuko wa samaki wakavu. "Wa mkwe, kukhu. Umpikie hao."

Tukaondoka. Mashine inaunguruma, na upepo ulikuwa umeanza kupungua. Nyuma ya ubao mkwe alikuwa anaongea na mkewe kwa lugha yao, haraka haraka, sauti ya juu, nami nikawaza, ameudhika, kesho wanakwenda pwani, na ana haki. Nikavuta pumzi nikauliza.

"Anasemaje?"

"Anasema," binti akajibu, na sauti yake ilikuwa imelegea vizuri, kama ya mtu aliyevua viatu, "hajawahi kupata upepo kama ule. Anauliza kama kesho anaweza kuvuka tena, kwa ruhusa safari hii."

"Na pwani?"

"Pwani gani, mama? Wiki mbili zote tuko hapa."

Nilifungua mfuko, nikatafuna omena mmoja, halafu mwingine. Walikuwa wamekauka vizuri, hawana mchanga.

"Mwambie hakuna kuvuka," nikasema. "Kesho anakwenda Majanji, pa wazi, watu wote wamwone."

"Na wewe utakaa wapi?"

"Nyumbani, nipike. Asubuhi akienda ziwani, wewe unabaki na mimi. Yule rafiki yangu anakwenda Majanji kila siku kununua mukene, atamwangalia. Yeye si mkwewe, na macho anayo."