Neno "Sawa" Katika Uwanja wa Kigoma

Niliondoka Dar es Salaam nikiwa na hasira. Kule Kigoma ndege ndogo ya abiria ilikuwa imetua huku wanawake wa kijiji, waliokuja kazi ya kujitolea, wakiwa bado wanafyeka nyasi kandokando ya njia ya ndege. Walikimbia ovyo, na mmoja akaangukia mtaroni, akavunjika mguu. Rubani aliapa kwamba hakuambiwa asubiri. Mwongoza ndege, Ramadhani, aliapa kwamba alimwambia. Safari za ndege zikasimamishwa, nami niliyekuwa mwongoza ndege katika mnara wa Dar nikatumwa kuamua kama Ramadhani anafaa kubaki kazini. Kwa kuwa hakuna ndege iliyoruhusiwa kutua kule, nilipanda gari moshi, na wenzangu walinicheka hadi stesheni.

Kupita Dodoma, vijiji vipya vya ujamaa vilionekana kando ya reli, nyumba zimepangwa mstari, nyingine bado hazijaezekwa.

Tabora aliingia mama mmoja wa Ujiji. Aliniuliza hali ya baba yangu, ya mama, ya watoto, ya ng'ombe ambao sina, kisha ndipo akaniomba nisogee kidogo apate kukaa. Nilicheka kimoyomoyo. Laiti ningetilia maanani.

Kigoma tulifika asubuhi, ziwa limetulia na milima ya Kongo ikionekana ng'ambo. Ramadhani alikuwa akinisubiri stesheni, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi vizuri, macho hayajalala. Alinipeleka kwake, mtaa wa Kasingirima. Mkewe alitupikia samaki aina ya migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, akaniita wifi tangu mlangoni. Nilipokuwa nanawa mikono aliniinamia sikioni.

"Wifi, usimfukuze kabla hujamwona akifanya kazi."

Sikumwahidi kitu. Chakula kilikuwa kitamu, lakini sikuja kula.

Mchana ule ule nilikwenda kijijini Simbo kumwona yule mama aliyeumia. Alikuwa amelala barazani, mguu umefungwa plasta. Tulisalimiana kwa Kiha nilichofundishwa njiani, na matamshi yangu yakawachekesha watoto wake. Yeye alitabasamu kidogo tu.

"Nilikuwa namwona yule baba kule juu mnarani," alisema. "Nikajua naye ananiona. Sasa kama ananiona, ndege ilikujaje?"

Nilirudi mjini nimekaza moyo: ama nipate jibu la swali lake, ama Ramadhani aondoke.

Mnarani, siku iliyofuata, nilimtaka Ramadhani arudie kila alichomwambia rubani siku ile. Sheria ilitaka Kiingereza, lakini wao, kwa kuwa walijuana, walizungumza Kiswahili. Akaanza. Shikamoo Kapteni, habari za safari, mama watoto hajambo, upepo unatoka ziwani, subiri kwanza kuna watu wanafyeka, karibu sana Kigoma. Na Kapteni, nilimuuliza, alijibu nini? Alijibu sawa.

"Sawa ya nini?" nikamuuliza. "Ya upepo, ya mama watoto, au ya kusubiri?"

Nikamwuliza mbona hakumtaka rubani ayarudie maagizo kwa kinywa chake, jambo tunalofundishwa wote siku ya kwanza.

"Dada, yule ni mzee wangu. Nikimwambia rudia niliyosema, nimemfanya mtoto wa shule."

Nilipandisha sauti, sifichi. Nilimwambia adabu yake ilikuwa karibu imuue mtu. Aliinamisha kichwa, lakini kuacha salamu alikataa katakata; alisema watu wa huku wakiacha kusalimiana ndipo hawasikilizani kabisa. Tulibishana hadi chai ikapoa. Mwisho tukapatana: atasalimu, atanyamaza, kisha atatoa agizo moja, na agizo hilo lazima lirudiwe.

Siku ya majaribio Kapteni alikuja bila abiria. Sote tulikuwa tayari, isipokuwa lori la kifusi lililotoka kuziba mashimo, ambalo lilizimika katikati kabisa ya njia ya ndege. Dereva akafungua boneti akaanza kukuna kichwa. Nilishika taa nyekundu ya ishara. Kipaza sauti sikukigusa. Ningekichukua, Ramadhani asingekishika tena.

Alimwamkia Kapteni. Akaitikiwa. Akamwambia azunguke, lori liko njiani.

"Sawa, sawa," ilijibu redio, na ndege ikaendelea kushuka.

Ramadhani alikisogeza kipaza sauti karibu. "Mzee, naomba urudie nilichosema."

"Unanifundisha kazi, Ramadhani?"

"La, mzee. Rudia."

Kapteni akajibu kwa mazoea. "Upepo unatoka ziwani. Natua."

"Hapana, mzee. Usitue. Lori liko njiani. Zunguka. Rudia."

"Situi," alisema Kapteni, sauti imebadilika. "Nazunguka."

Ndege ilipita juu ya mnara ikielekea ziwani, na dereva wa lori akalala chini. Ramadhani alikuwa amelowa jasho. Mimi machozi yalinitoka, na sijui kwa nini nayaonea haya hadi leo.

Lori lilipoondolewa na ndege ikatua hatimaye, Kapteni alipanda ngazi za mnara uso umekunjamana. Ramadhani alisimama, akamwamkia upya, kwa heshima zote. Kapteni aliitikia marahaba. Kisha akavua kofia, akauliza njia ya kwenda kwa yule mama aliyevunjika mguu.

Nilirudi Dar kwa gari moshi lile lile. Ramadhani nilimwacha kazini. Siku ya kwanza ya zamu yangu, rubani mkubwa kuliko wote katika uwanja wetu alinijibu "sawa". Nilimwambia shikamoo, nikamtaka arudie.