Gari la Mzee Kapelo Lisilo na Injini

Mtaani kwetu kulikuwa na gari lililokuwa likitembea bila injini.

Sitanii. Mimi kwa kutania najulikana, kwa hiyo nalisema mapema tusije kusumbuana kwenye komenti.

Gari jeupe, la zamani, vioo vizima, tairi zina upepo. Ukifungua boneti unakutana na shimo. Injini hakuna, kuna nyaya zinaning'inia na kiota cha ndege aliyehama.

Lakini leo ukiliona limeegeshwa kwenye nguzo ya umeme, keshokutwa liko mbele kidogo, usawa wa chungu cha maua. Baadaye limerudi kwenye nguzo. Na hakuna aliyewahi kulisikia likiwaka.

Kuna mpangaji mpya alikuwa nyumba ya kona. Alipoligundua jambo hilo akahama na godoro tu. Kabati lake lipo mpaka leo, mwenye nyumba anawekea viatu.

Basi ngoja niwaambie. Jini la gari lile nilikuwa mimi.

Mimi, na jirani mmoja anayeuza magodoro, mtu mnene mwenye pumzi fupi, tunamwita Magodoro. Na binti wa mwenye gari, ambaye ni nesi. Alfajiri mmoja anashika usukani, wawili tunasukuma.

Kwa nini watu wazima wenye akili zao wasukume mkebe? Hapo ndipo penye habari. Na haichekeshi, hata nikijitahidi.

Mimi ni fundi friji. Diploma ninayo, iko ukutani, juu ya friji ambalo mwenyewe hajalifuata. Karakana yangu ni chumba cha mbele, kwa hiyo mtaa mzima unapita mbele ya macho yangu.

Ng'ambo ya barabara ndiyo nyumba ya Mzee Kapelo. Kofia yake hakuwa anaivua. Walimvua kwa nguvu siku ya kupiga picha ya kitambulisho, ndiyo maana kwenye ile picha amenuna.

Nyumba zetu hazina ua. Ukifungua mlango unakanyaga barabara. Magari yote yanalala nje.

Manispaa ilipoanza kujenga barabara kuu, magari yote yakaelekezwa kwetu. Mtaa ambao paka alikuwa anavuka bila kugeuza shingo ukawa wa malori. Wapita njia wakawa wanaegesha mpaka milangoni mwetu.

Tukalalamika, manispaa ikasikia. Kila nyumba ikapewa kibali kimoja cha maegesho, stika ya kubandika kiooni, ya mwaka mmoja. Na kanuni juu yake: gari likikaa zaidi ya siku tatu bila kusogea, hilo limetelekezwa, linavutwa.

Tukapiga makofi. Mzee Kapelo alikuwa wa kwanza kubandika stika yake.

Kisha injini yake ikaharibika, ikashushwa, ikapelekwa gereji. Kabla haijarudi, mzee akaugua. Kabla hajapona, akafa.

Mkewe tulimwita Mama tu, mtaa mzima. Alikuwa na maradhi ya kusahau. Mazishini alilia kama mjane yeyote. Wiki iliyofuata akaamka akamuuliza binti yake, "Baba yako yuko wapi?"

Nesi akamwambia ukweli. Mama akaenda chini, akalia upya, kilio cha mtu anayepata habari kwa mara ya kwanza.

Kesho yake akauliza tena.

Jamani. Kuna watu wanafiwa mara moja na hawainuki. Mama yule alikuwa anafiwa kila asubuhi. Na mwanawe ndiye aliyekuwa akimletea taarifa ya msiba, kila asubuhi, halafu anavaa sare anakwenda kuuguza watu wengine.

Siku moja Nesi alikuwa bado anatafuta maneno, Mama akachungulia dirishani, akaliona gari.

"Ah, kumbe yupo," akasema. "Gari si lile pale. Atakuwa amelala."

Akaendelea na chai yake.

Tangu hapo gari likawa ndilo jibu. Akiuliza, anachungulia, anatulia. Wakati mwingine anapunguza hata sauti ya redio, asimwamshe mtu.

Sasa mmeelewa tulichokuwa tunasukuma.

Manispaa ilikuwa na mkaguzi, binti mmoja wa miwani, anapita na kipande cha chaki. Anachora alama kwenye tairi, anachora nyingine chini kwenye lami. Akirudi akikuta zimelingana, imekula kwako. Tukambatiza Dada Chaki.

Yeye akichora, sisi tunasukuma.

"Fundi, sukuma basi, umeegemea tu," Magodoro ananiambia huku anahema.

"Naegemea kwa nguvu."

"Chuoni hawakufundisha kusukuma?"

"Walifundisha friji. Friji ni la watu wawili. Wewe peke yako ni watatu, kaa kimya."

Nesi kwenye usukani anacheka mpaka anasahau kukata kona. Nadhani zile ndizo dakika pekee alizokuwa anacheka siku nzima.

Kuna alfajiri Mama alifungua dirisha.

"Nyie, mnapeleka wapi gari la mume wangu?"

Tukaganda.

"Tunalitafutia kivuli, Mama," nikasema.

"Kivuli, na jua halijatoka?"

"Tunawahi nafasi."

Akanitazama. "Wewe fundi una maneno. Haya, sukumeni taratibu, amelala."

Tukasukuma taratibu.

Dada Chaki naye alitubamba siku moja. Alikuja mapema kuliko kawaida, akatukuta tumeinama. Magodoro akajifanya anafunga kamba za viatu, na amevaa ndala.

Yule binti, ambaye habari za Mama alishazisikia mtaani, akalitazama dirisha lake. Akamtazama Nesi. Akavua miwani akaifuta.

"Mimi kazi yangu kupiga chaki," akasema. "Nani kasogeza, hilo hawakunituma niulize."

Akapita.

Mwaka ukaisha. Stika nayo ikaisha.

Nesi akaenda manispaa kuomba nyingine. Alirudi hana rangi, akaja karakana kwangu, akakaa juu ya kompresa mbovu.

"Vipi, dada?"

"Wanataka mwenye gari aende mwenyewe."

"Hukuwaambia?"

"Niliwaambia, kaka. Wakasema basi nibadilishe jina liwe langu. Kubadilisha jina lazima gari likaguliwe. Na kukaguliwa lazima lifike linatembea."

"Tuifuate injini basi."

"Nimetokea huko. Gereji imebomolewa kupisha barabara kuu. Fundi mwenyewe hajulikani alikohamia."

Nikatafuta utani wa kumwambia. Nikaishia kumwambia, twende kwa madiwani.

Tukaenda kwenye kikao cha madiwani, siku ya kusikiliza wananchi. Nikapewa nafasi, nikaeleza kama nilivyowaeleza hapa. Mwenyekiti wa kikao, mzee mwenye sauti ya upole, alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatisha.

"Fundi, poleni sana," akasema. "Lakini mtaa wa nyuma yenu kulikuwa na mikebe kama hiyo. Gari la zimamoto likashindwa kupita, nyumba ikateketea na watu ndani. Tuliapa haitatokea tena. Tukiruhusu la marehemu huyu, kesho wanakuja wangapi?"

Nyuma kule mtu akadakia, "Marehemu si ana maegesho yake tayari."

Ukumbi mzima ukacheka.

Mimi ni mtu wa kucheka, nimeshawahi kutolewa nje ya msiba. Na utani ule ulikuwa mzuri, siwezi kukataa. Lakini Nesi alikuwa ubavuni kwangu, nikaona anavyoibana mikono yake katikati ya magoti.

Sikucheka.

Wakatupa mpaka mwisho wa mwezi.

Nikajaribu janja. Nikaleta pikapu yangu, nyeupe vilevile, nikaiegesha ikalifunika gari la mzee, nione kama Mama ataikubali. Akachungulia.

"Hiyo ya fundi," akasema. "Mwambieni asogee, amemzibia mume wangu."

Kifo cha mumewe kimemtoka kichwani, pikapu yangu anaijua.

Siku ya kuvutwa, Nesi alimweka Mama chumba cha nyuma, akawa anamchana nywele, redio juu. Lori la kuvuta likaja, Dada Chaki akasimamia, hakuinua uso hata mara moja. Gari likapandishwa, likaondoka.

Mama akatoka kuja sebuleni. Mimi na Magodoro tulikuwa tumeshajipanga, huyu kushoto, huyu kulia, tumdake akianguka.

Akachungulia. Akatazama huku, akatazama kule.

"Amekwenda kazini," akasema. "Hata kuaga hakuaga."

Akakaa, akaomba chai.

Wadau, tulifurahi. Magodoro alinikumbatia mpaka mgongo ukalia. Nesi alikaa sakafuni, akawa anacheka na machozi yanatoka. Muda wote ule tunavunjika viuno alfajiri, kumbe jibu lenyewe lilikuwa jepesi hivi. Nikarudi karakana napiga mluzi.

Jua likazama.

Nilipovuka kwenda kuwajulia hali, nikamkuta Mama amesimama mlangoni, amevaa vizuri. Mezani kuna sahani mbili zimefunikwa.

"Fundi, hujamwona mume wangu huko? Amechelewa."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Gari lilipokuwepo, mume alikuwa nyumbani. Amelala, anaoga, vyovyote vile, lakini yumo. Gari lilipoondoka, na yeye akatoka. Na mume akitoka, Mama anamngoja.

Kwenye ndoa yao yote hakuwahi kula kabla mumewe hajarudi. Kwa hiyo hakula.

Asubuhi alikuwa ameshasahau kwamba alingoja. Akachungulia. "Leo amewahi kutoka." Jioni akasimama tena mlangoni, na chakula kimefunikwa.

"Mama, kula kidogo," Nesi anambembeleza.

"Nile vipi na baba yako yuko njiani?"

Siku nyingine Nesi akamdanganya. "Baba amerudi, Mama, yuko bafuni."

"Mbona gari silioni?"

Akimwambia ukweli, analia. Akimaliza kulia anafuta uso, anasahau, anarudi mlangoni. Malori yanapita karibu na vidole vya miguu yake. Tukawa tunapokezana kumshika mkono. Zamu ya Magodoro ilikuwa na kiti na mto, na hadithi ndefu za wateja wanaojaribu godoro mpaka wanakoroma dukani. Mama anatabasamu, lakini macho yako barabarani.

Mchana alikubali chai, na kipande cha mkate. Jioni hakuna kitu. Akapungua mbele ya macho yetu, mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni, Nesi akaizungushia uzi.

Hakugongwa na lori. Najua wengi mlikuwa mnategemea hivyo. Alifia kitandani, kwa udhaifu, mwanawe yuko pembeni. Sahani zilikuwa bado mezani.

Haukupita muda mrefu, barabara kuu ikafunguliwa. Malori yakarudi kwao. Madiwani wakakaa tena wakafuta vibali vyote mtaani kwetu. Egesha unavyotaka, sogeza usisogeze, shauri yako.

Dada Chaki alitumwa kuja kung'oa vibao vya maegesho. Alipofika usawa wa lile dirisha akasita, akavuka kuja kwangu.

"Fundi, shikamoo. Bibi hajambo?"

Hakuwa na habari. Nikamwambia.

Akaitia bisibisi mfukoni. Kisha akaniuliza taratibu, kama mtu anayeogopa kujibiwa:

"Ni kwa sababu ya gari?"

Nikamtazama. Binti mdogo, ana maisha mbele yake, na mitaa mingi bado ya kupita na chaki.

"Hapana, mwanangu," nikasema. "Ni umri tu. Endelea na kazi."

Akashukuru, akaenda. Mimi nikafunga karakana mapema siku ile.

Ndugu zangu, kanuni ile siilaani. Nyumba iliteketea kweli, na watu waliokuwa ndani walikuwa na mama zao. Ninachosema ni kidogo tu. Ukiona kitu kibovu mlangoni kwa mtu, kabla hujakiondoa, uliza kinamshikia nini. Ukishajibiwa, kama ni lazima kiondoke, kiondoe. Lakini usimwachie binti yake peke yake jioni inayofuata. Rudi. Kaa naye mlangoni.