Mama Alipokaa Upande wa Cheni

Mwezi uliopita mtoto wa kaka yangu alikuja kunisalimia hapa Boko na baiskeli nyembamba, haina breki ya nyuma, haina hata kile kidude kinachomwezesha mtu kuacha kukanyaga huku baiskeli inaendelea kwenda. Gurudumu likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, utake usitake. Ameinunua hivyo kwa makusudi.

"Shikamoo shangazi. Mashine kali hii, ila ina ishu moja. Gurudumu la nyuma linajifunga lenyewe, halafu siku nyingine wala."

Nilicheka mpaka akanuna. Ndugu yangu msomaji, kwetu baiskeli ya namna hiyo haikuwa fasheni. Ilikuwa shida, na ugonjwa wake nilishaujua tangu nina mapengo mdomoni.

Baba alipunguzwa kazini kiwanda chao kilipouzwa, kama baba wengi wa miaka ile. Alibaki na baiskeli nyeusi ya Kichina, nzito kama kitanda cha chuma, akaanza kupanda nayo Madale kufuata mkaa. Mama aliuuza kwa kopo pale barazani, akikaanga mihogo kwa mkaa uliovunjikavunjika. Mpaka leo nikisikia harufu ya muhogo wa kukaanga na pilipili, naona vidole vyake vyeusi vikimenya huku macho yako barabarani, anamsubiri mumewe.

Kisha frii ya baiskeli, kile kidude nilichokutajia mwanzo, ikafa. Spea zilikuwa zimeshaanza kujaa Kariakoo, lakini kujaa dukani na kufika kwetu yalikuwa mambo mawili tofauti. Fundi baiskeli wa njia panda akaichomelea, kama walivyofanyiwa wauza mkaa wengine. Baba akawa anateremka kilima kwa kuzizuia pedeli kwa miguu, maana breki ya mbele ilikuwa ya kujifariji tu. Sie watoto tulimwona shujaa.

Kisha gurudumu la nyuma likaanza kushika. Mara ya kwanza baba alirudi na kiwiko kimechubuka, mara ya pili akarudi na mdomo umepasuka na mkaa umemwagika njiani. Cheni ilikuwa imechupa na kubana, hilo halikuwa siri. Swali lilikuwa kwa nini inachupa, maana ukiirudisha inakaa imekazika vizuri kabisa. Fundi alisema imerefuka, akakata pingili. Akaipanda mwenyewe, akaizungusha pale uwanjani kwake, nzima. Wiki ikapita salama. Halafu baba akaanguka tena.

Mzee jirani yetu alisema pale kwenye kiteremko cha Madale kuna jini asiyependa kelele. Usiku nilimwona baba anaitazama ile baiskeli kama mtu anayemtazama mbwa aliyemng'ata. Asubuhi akatamka uamuzi wake: ikimwangusha mara moja zaidi anaiuza, tunarudi kwao Kisarawe kulima.

Mama aliacha kumenya. Alikuwa mzaliwa wa huku Boko, mama yake amezikwa huku, na kibarazani pale ndipo alipokuwa ameanza kuwa mtu wa kuitwa na wateja. Lakini hakulia wala hakubisha. Alikuwa na neno lake ambalo alitwambia kwa kila kitu, iwe taa ya chemli inayozimika au mtoto mwenye homa: usiniambie imeharibika, niambie ilikuwa inafanya nini.

"Baba yao, ulipoanguka ulikuwa unapanda au unateremka?"

"Nateremka."

"Na gunia moja?"

Baba akafikiri. "Mawili. Siku zote mawili."

"Na fundi akiijaribu anabeba nini?"

"Fundi abebe nini, mama yao? Anaizungusha tu."

"Basi hajaijaribu," mama akasema, akanawa mikono.

Hapo inabidi nikukumbushe mwanamke wa kwetu alivyokuwa akipakiwa kwenye baiskeli. Alikaa kwenye keria miguu upande mmoja, na upande huo ulikuwa wa kushoto, kulia kukiwa na cheni inayokula khanga. Hakuna aliyefundishwa, kila mmoja alijua. Kwa hiyo majirani wote kando ya kile kiteremko cha Madale walipomwona mama, mwili wake mkubwa Mungu alivyompa, anapanda keria akielekea kulia, walipiga kelele.

"We mama, umekaa kinyume!"

"Nimekaa ninapotaka kuona," akawajibu. Khanga alikuwa ameifunga kibwebwe, suruali ya baba ndani. Malapa yake alinipa mie niyashike. Kisha akachovya kidole kwenye unga wa ngano aliokuja nao, akachora mstari kwenye fremu, pale pale ekseli ya gurudumu inapokaa.

"Nitakuua, mke wangu," baba alisema polepole.

"Magunia mawili ndiyo mie. Teremka."

Wakateremka. Nilikimbia nyuma yao nimekumbatia malapa, nikisikia pedeli zinalia na baba anahema akizizuia. Mama alikuwa ameinama kabisa, mkono mmoja kiunoni kwa mumewe, uso karibu na cheni, hatazami njia wala watu. Katikati ya kilima akapiga ukelele.

"Inalegea! Inalegea, ingia majanini!"

Baba akaichomeka baiskeli kwenye majani, wakaanguka wote wawili kama magunia kweli. Mama alikuwa wa kwanza kuinuka. Hakujikung'uta. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule mstari wa unga, akaweka kidole: ekseli ilikuwa imesogea mbele. Nati ya kulia ilikuwa imelika nyuzi. Ukiikaza inashika, ila baba akizizuia pedeli na uzito mgongoni inaachia kidogo, gurudumu linasogea, cheni inalegea na kuchupa. Uwanjani bila mzigo isingeachia hata mwaka mzima.

Baba alikaa majanini akacheka mpaka machozi, akamshika mama mkono mbele za watu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nilimpenda mama yangu siku ile kupita nilivyojua kupenda. Fundi akabadilisha nati, akampongeza mama kwa moyo wote, na tangu hapo mtu akimpelekea baiskeli alikuwa akimwuliza kwanza, "Unabebaga nini?" Kisarawe tulikwenda kusalimia tu.

Wazazi wangu wote wawili wamelala huku huku. Kiteremko kimewekewa lami na kuzungukwa na kuta, mkaa unashushwa na pikipiki, na wanawake wanakaa wanavyotaka.

Nilimaliza kumsimulia mtoto wa kaka yangu, tukaikagua nati yake, kweli ilikuwa imelegea, tukaikaza kwa spana aliyokuja nayo. Akafurahi. Nikaizunguka ile baiskeli yake nzuri, nikapapasa nyuma ya kiti, hakuna kitu.

"Haina keria," nikamwambia. "Nani atakaa kukutazamia cheni?"

"Keria ya nini shangazi? Napanda mwenyewe."

Nikamkabidhi spana yake, nikaingia ndani kumchemshia chai.