Kataa, Mama!

Mlinzi wa mashine ya pesa hapa Kasulu huwapa wateja mgongo. Ukianza kubonyeza namba yako ya siri, yeye hugeukia ukuta, kirungu kwapani, kofia machoni, kama mtu aliyekutana na mama mkwe wake kisimani. Lakini akisikia mteja ni mgeni mwenye kadi ya ng'ambo, hatulii. Anajua mashine itamuuliza kwa upole kama angependa ikate kwa fedha ya kwao, kwa kiwango chake yenyewe cha kubadilishia fedha, na anajua kwamba anayekubali hunyolewa bila maji. Basi huufokea ukuta: "Kataa, mama! Kataa!" Siku hizi hata wauza ndizi upande wa pili wa barabara humwitikia.

Juzi daktari mmoja wa Kizungu kutoka Kabanga alikataa kama alivyoambiwa, akatoka anacheka, noti mkononi. "Baba, umeniokoa. Chukua ya soda."

"Nakataa, mama! Mimi niko kazini!"

Aliyasema hayo kwa sauti iliyofika sokoni, huku mikono yake yote miwili, kama alivyofunzwa na mama yake kule Titye, imeshakinga.