Miaka Mitano ya Zekie

Basi lilikuwa bado linapambana na kona za milima ya Rodopi, kusini mwa Bulgaria, wakati Radostin alipotapika ndani ya mfuko. Yeye ni mtu wa Varna, wa pwani. Kardzhali, mji wa milimani alikokuwa akienda, hakuwahi kufika. Ofisi ya kumbukumbu za viwanda vilivyofungwa ilikuwa imemwita atibu programu moja ya kompyuta iliyozidi kujikokota.

"Wametuletea daktari, kumbe ndiye mgonjwa," Mediha alisema alipomwona, akamsogezea bilauri ya mtindi. "Kunywa, mwanangu."

Mediha, mwanamke wa miaka hamsini na minane, ndiye aliyeziandika kanuni zote za programu ile. Kazi ya programu ilikuwa kulinganisha maombi ya pensheni ya wazee na madaftari ya zamani ya viwanda, ijulikane nani alifanya kazi wapi na kwa miaka mingapi. Duru moja ilikula siku tisa. Radostin alipozisoma kanuni, alicheka.

"Bi Mediha, hii ni harusi ambayo kila mgeni lazima ampe mkono kila mgeni! Maombi elfu arobaini, mistari milioni mbili! Tuwagawe kwanza kwa majina. Akina Ivan waonane na akina Ivan wenzao, basi."

Mediha aliyatupia jicho madaftari ya zamani. "Wewe ndiye fundi," alisema.

Duru iliisha kwa dakika kumi na nne. Mkuu wa ofisi alinunua keki, na kesho yake barua za majibu zikatumwa.

Moja ilimfikia Zekie, mama yake Mediha, ajuza wa miaka themanini na minne aliyekuwa akichambua tumbaku kiwandani, na sasa moyo wake ulikuwa umechoka. Barua ilisema kwamba tangu 1985 hadi 1990 hakufanya kazi popote.

"Ameisoma mwenyewe," Mediha alimwambia Radostin Jumatatu. "Kaniuliza, ile mikono iliyokuwa myeusi kwa tumbaku ilikuwa ya nani?"

Hapo Radostin akaelewa. Majira ya baridi ya 1984 kuingia 1985, serikali iliwalazimisha Waturuki wa Bulgaria kubadili majina. Zekie aliandikwa Zlatka daftarini, hadi jina lake liliporudishwa. Kanuni za Mediha, pamoja na ukonokono wake, hazikutazama jina kabisa. Zilitazama tarehe ya kuzaliwa, kijiji na kiwanda.

"Mbona hukuniambia?"

"Sisi na nyinyi tunakunywa kahawa meza moja kwa sababu hatulitaji jambo lile. Nikaona haya kulianza mimi. Nilidhani utaliona."

Radostin aliwagawa upya, kwa tarehe ya kuzaliwa na kijiji. Saa mbili zikatosha. Miaka mitano ya Zekie ikatokea, pamoja na ya watu wengine elfu moja na mia moja. Akachapisha barua, akaipeleka mwenyewe Alhamisi asubuhi. Uani kwa Zekie alikuta wanawake wamejitanda mitandio, hakuna aliyemuuliza shida yake. Zekie alikuwa amezikwa jana yake.

Mediha aliisoma barua akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni.

Baada ya arubaini aliacha kazi. Shemeji yake alikuja na gari kutoka Bursa, Uturuki, kumchukua. Mke wa shemeji huyo, dada yake Mediha, ndiye ndugu pekee aliyembakia. Radostin, aliyepewa nafasi ya Mediha ofisini, alimbebea sanduku.

"Zile barua nyingine umeshatuma?" Mediha aliuliza kupitia dirishani.

"Nusu yake. Mkuu anasema tusubiri bajeti ya stempu."

"Usisubiri. Wapelekee kwa miguu, wangali hai."

Gari likaondoka kuelekea mpakani. Radostin akarudi ofisini kuchukua orodha ya vijiji.