Mananasi Yaliyokaa Eda

"Nanasi langu moja nakudai, Hemedy! Umesikia? Na utalilipa kabla hawajanitia udongoni kama kaka yako!"

Sauti ilitoka nyuma ya pazia la mlango, maana Mwajabu alikuwa amekaa eda ya mumewe, na shemeji si mtu wa kuonana naye uso kwa uso. Hemedy alisimama uwanjani, mkono huu panga, mkono huu mnanasi mzima, umeng'olewa na mizizi yake na kupasuliwa katikati kama samaki wa kubanika. Mimi nilikuwa nimekaa kizingitini. Nilikuja kuleta uji, nikajikuta hakimu.

"Mama Tasnim, tazama mwenyewe," Hemedy akaniambia. "Moyo mweupe pe. Hakuna ua wala dalili ya ua. Hiyo dawa yenu ya homoni imeua shamba la baba yangu."

"Umempasua tumbo mja mzito ukamtafute mtoto!" Mwajabu akamjibu toka ndani. "Mimba ya wiki tatu ungeiona kwa panga, wewe?"

Hemedy akautupa mnanasi jalalani, akaondoka anasonya. Alipofika mbali, Mwajabu akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, ile ambayo hakutaka shemeji aisikie.

"Niambie kweli, shoga yangu. Ni mweupe kabisa?"

Nikamwambia ni mweupe. Hakusema neno, na Mwajabu asiposema neno ujue kuna jambo. Tangu nimjue ni mtu wa kulalamika: jua kali, chumvi haikolei, kuku wa jirani hana adabu. Akilalamika ndipo mzima.

Ni mzaliwa wa Mbwera, kule delta, kwenye mpunga na mikoko. Abbasi alipomuoa akamleta huku kwetu Bungu, kwenye mchanga wa barabarani, alilia. Kule, husema mwenyewe, ukitia mbegu ya mpunga mto unakufanyia nusu ya kazi. Huku mahindi yanaota yakijuta. Lakini nanasi linaupenda mchanga, na Mwajabu akalipenda nanasi, mpaka mikono yake yote ina makovu ya majani.

Taabu ya minanasi ni kwamba haijui foleni. Huu unachanua leo, mwenzake wa pembeni anachanua akipenda. Lori la kutoka Dar linataka kujaa siku moja, halikungoji. Kwa hiyo unabaki kukimbiza abiria wa mabasi na nanasi moja moja, au unavuna msimu ambao kila mtu kavuna na hakuna anayekutazama. Mwajabu alitaka yake yaive pamoja, na yaive Ramadhani, watu wanapotafuta tunda la kufuturia.

Ndipo yeye na Abbasi wakaenda Kibiti kwa Nurdini, kijana mwenye duka la pembejeo. Nurdini akamwekea chupa mezani.

"Mama, hii ni homoni ya mimea. Mmea unayo yake tangu asili, wewe unaongeza tu. Ni kama unauambia: umeshakua, zaa sasa. Lakini usiupe mnanasi mdogo, utakuzalia kinanasi cha ngumi. Usitie jua likiwa kali. Na mvua ikinyesha dawa haijakolea, umemwaga maji."

Walianza alfajiri, baada ya swala. Abbasi alibeba ndoo, Mwajabu alichota kwa kikombe cha kahawa na kumimina kwenye moyo wa kila mnanasi, safu kwa safu, wakiruka iliyo midogo. Walipokaribia upande wa bondeni Abbasi akaweka ndoo chini. Akasema, "Mke wangu, kifua." Wakarudi nyumbani wameacha kila kitu. Alasiri yakashuka manyunyu. Siku ya pili Abbasi akapelekwa hospitali, na hakurudi akitembea.

Basi wenzake walilia maiti. Mwajabu alilia maiti na manyunyu. Mara ngapi aliniuliza ndani ya ile nyumba ya msiba, akininong'oneza sikioni huku wanawake wanasoma: "Yale manyunyu, yalianza kabla ya Alasiri au baada? Yalilowesha ardhi, au yalipita tu?" Mwingine angesema hana haya. Mimi nilijua anachokiogopa.

Abbasi hakuacha mtoto. Shamba lilikuwa la baba yao, yeye na Hemedy. Matanga yalipoanuliwa, Hemedy akakaa na shehe barazani na kusema anataka kung'oa mananasi apande mikorosho. Mjane apewe robo yake kama sheria ilivyo, aende kwao. Kwao wapi? Shamba la wazazi wa Mwajabu kule Mbwera lilishaliwa na maji ya chumvi, mpunga hauoti tena. Shehe akamsihi Hemedy angoje mpaka mwanamke atoke eda. Hemedy akafikiri, akasema maneno ambayo sote tuliyasikia:

"Haya. Siku ya kutoka eda, mananasi yakiwa yamebeba, shamba lote alilime mpaka achoke mwenyewe. Yakiwa hayakubeba, nang'oa."

"Nimekubali!" Mwajabu akasema nyuma ya pazia, upesi kama mtu anayenunua samaki wa mwisho. Halafu akanishika mkono mimi niliyekuwa naye ndani, akaninong'oneza niende shambani nikatazame.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Yeye hawezi kutoka, mimi nikawa macho yake. Kila nikitoka shambani ananihoji kuliko polisi. Majani ya katikati yana rangi gani? Yamesimama au yamelala? Umeinama ukatazama ndani, au umechungulia tu kama mpita njia? Siku niliyomwambia kwamba majani ya ndani yameanza kuwa ya njano hakugusa chakula.

"Imeunguza," akasema. "Nilizidisha. Nurdini alisema kikombe kimejaa au kikombe cha nusu?"

"Mimi nilikuwepo kwa Nurdini?"

"Hukuwepo. Na aliyekuwepo nimemzika."

Huku nje maneno nayo yalikuwa yanaota kuliko mananasi. Neno lenyewe, homoni, sisi tunalijua kutoka kliniki tu, kwenye sindano ya uzazi wa mpango. Hemedy alilitamka gengeni kwa hasira, Rukaiya muuza maandazi akalidaka, na jioni lilikuwa limeshafika mwisho wa kijiji: nanasi la Mwajabu mwanamke akila kizazi kinafunga, mwanamume akila jogoo hapandi mtungi.

Nilimpelekea habari hiyo nikidhani atapasuka. Akacheka, kicheko kifupi.

"Mimi nimetia yazae, wao wanasema inazuia kuzaa! Hebu nikuulize. Eda ni ya nini?"

"Ya kumheshimu marehemu."

"Na ya kungoja ijulikane kama tumbo lina kitu. Basi mimi na mananasi yangu tumekaa eda pamoja. La kwangu kwa umri huu najua ni tupu. Nangoja la kwao."

Akacheka tena, lakini vidole vilikuwa vinasokota pindo la kanga mpaka nyuzi zinatoka.

Wiki zikapita. Nilikwenda, nikainama, nikarudi na mdomo mtupu. Nilifika mahali nikawa napita njia ya nyuma ya nyumba yake ili nipate kupumua kwanza. Hata nilifikiri kumdanganya, nimwambie nimeona. Lakini uongo wa mimba hauna maisha marefu, na Hemedy naye alikuwa anapita pale shambani kila Ijumaa akitoka msikitini, mikono nyuma, anahesabu mashimo ya mikorosho kwa macho.

Asubuhi moja nikainama kwenye mnanasi wa kwanza kama kawaida, kwa kuchoka tu. Ndani, pale majani yanapokutana, palikuwa na wekundu. Nikadhani ni mdudu. Nikatia kidole. Si mdudu. Ni wekundu wa hina, mpya, kama kucha ya bibi harusi. Nikaenda wa pili: mwekundu. Wa tatu: mwekundu. Nikaanza kukimbia, mtu mzima mimi, na majani yananikata miguu. Safu nzima. Safu ya pili yake nzima, ila pengo moja pale Hemedy alipong'oa. Shamba lote limeshika siku moja kama mabinti wa nyumba moja.

Mpaka nikafika upande wa bondeni. Hapo wekundu ukakatika, kama mtu kapiga mstari. Na kwenye mstari ilikuwepo ndoo. Ndoo ileile. Bungu hii, ambapo ukianika kanga unaikalia, ndoo ilikaa shambani muda wote ule bila kuibiwa, kwa sababu ilikuwa na homoni.

Nikarudi mbio. "Yameshika, Mwajabu! Yameshika yote!"

Alikuwa anachambua mchele. Hakuinuka. "Yote mpaka wapi?"

"Mpaka kwenye ndoo."

Akajifunika uso kwa kanga. Siku hiyo alimlilia Abbasi, Abbasi peke yake, bila manyunyu ndani yake. Alipomaliza akafuta pua, akaniambia, "Tazama mambo. Mimi nimekatazwa hina, wao wamejipaka."

Hemedy alikwenda kuona mwenyewe. Akaja kusimama uwanjani, kofia mkononi.

"Shemeji."

"Nakusikia."

"Yamebeba."

"Yote niliyoyatia dawa yamebeba, isipokuwa moja. Lile liko jalalani."

Nitampa Hemedy haki yake: siku Mwajabu alipotoka eda, mananasi yamekuwa makubwa kama kichwa cha mtoto, alisema mbele ya shehe kwamba shamba ni la shemeji yake kulima, na maneno yake hayarudishi. "Na lile moja," akasema, "nitakununulia jingine sokoni Jaribu."

"La kununua silitaki," Mwajabu akasema. "Deni langu litakaa mpaka nitakapolitaka."

Tulidhani hofu imekwisha. Kumbe hatukujua adha ya kitu kinachoiva pamoja: na kuoza kitaoza pamoja. Ramadhani ikaingia, shamba likanuka utamu, tukapanga mananasi barabarani, mafungu kwa mafungu. Watu wa hapa wanapita, wanatazama, wanaendelea. Mwenye lori akaja toka Dar, mtu mwenye tumbo na simu mbili. Akashika nanasi moja, akalinusa, akasifu. Halafu akatazama huku na huku.

"Mbona wenyeji hawanunui? Nimesikia kuna maneno."

"Maneno yapo kila mahali," Mwajabu akamjibu.

"Mimi siwezi kubeba kitu ambacho kwao hakiliwi. Nitafuturu hapa, nitazame."

Jua likaanza kushuka. Watu wakakusanyika kwenye mikeka ya kando ya barabara, uji na tende mbele yao. Nyuki wakaanza kuzunguka fungu la chini, lile lililoiva kupita kiasi. Mwajabu akachukua kisu, akachagua nanasi la katikati, akalimenya polepole. Halafu akapaza sauti.

"Hemedy! Shemeji yangu! Nalitaka deni langu."

Mkeka mzima ukageuka. Hemedy akameza mate, na mwezi ule mtu hamezi mate hivihivi.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mdomo ulionitangazia ndio utakaonilipa."

Rukaiya akaziba kicheko kwa mtandio. Hemedy akakitazama kipande, akamtazama mkewe, Zuena, aliyekuwa upande wa wanawake. Zuena ni mtu wa maneno machache.

"Kula, baba Mudy," akasema. "Mtungi wenyewe ni mimi, na mimi sina wasiwasi."

Vicheko vilikuwa havijaisha adhana ikatoka. Hemedy akapiga bismillahi, akakiacha kikombe cha uji, akafuturu kwa nanasi. Maji yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Akatafuna, sote tukimwangalia koo. Akamaliza. Akanyoosha mkono bila kusema kitu, akaomba kipande kingine, halafu akampelekea Zuena.

Mwenye lori akapiga simu moja kuita wapakiaji, halafu ya pili. Rukaiya akaja kuuliza bei, kwa sauti ndogo.

Mwajabu alikuwa anafuta kisu kwenye upindo wa kanga, polepole, upande huu na upande huu.

"Haya, Hemedy," akasema. "Sikudai."